Sura ya Sita: Jana Haitaki "Have"

Daraja la mto Lubiriha si refu. Ukitoka Bwera, ukapenya pilikapilika za soko la Mpondwe, hatua chache tu umeshaingia Kasindi, upande wa Kongo. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, daraja hilo likawekewa utaratibu mpya: anayeingia Uganda ananawa mikono kwa maji yenye dawa, anapimwa joto kwenye paji la uso, kisha anaulizwa maswali. Njia za panya ni nyingi kando ya mto ule, na tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilithibitisha kwamba mtoto wa miaka mitano aliyeletwa kutoka Kongo alikuwa na ugonjwa huo. Alihudumiwa Bwera; hakupona. Baada ya hapo hakuna aliyeyachukulia maswali ya mpakani kuwa urasimu mtupu.

Maswali hayo ndiyo yaliyonifanya niilete sura hii mpaka wilaya ya Kasese, ambamo Bwera imo. Kwa Kiingereza huwa ya namna hii: "Have you travelled to an affected area in the last 21 days?" "Have you cared for a sick person?" "Have you attended a funeral?" Msafiri akijibu ndiyo, swali linalofuata linabadilika umbo: "When did you travel?" "Whose funeral did you attend?" Mhudumu anayekijua Kiingereza vizuri hatauliza "When have you travelled?" hata kama foleni imerudi nyuma mpaka sokoni. Ameanza na "have", akahamia "did", na katika kuhama huko limo karibu kila jambo linalowasumbua wanafunzi wetu tangu darasa la nne, Kiingereza kinapokuwa lugha ya kufundishia, hadi mtihani wa mwisho wa sekondari.

Hizo siku 21 zina sababu yake. Mtu aliyeambukizwa Ebola anaweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla dalili hazijajitokeza. Kwa hiyo daktari anataka kujua habari za kipindi kinachoanzia siku 21 nyuma na kuishia pale pale msafiri aliposimama, viatu vikiwa bado na vumbi la Kasindi. Kipindi hicho hakijafungwa. Sasa weka kando kwa kando sentensi mbili kuhusu Beni, mji wa upande wa Kongo:

"I have been to Beni in the last three weeks."

"I went to Beni three weeks ago."

Majuma ni yale yale matatu. Ya kwanza inazungumzia kipindi kinachofika mpaka sasa, bila kutaja siku; ya pili inaweka kidole kwenye siku moja iliyokwisha. Umbali wa tukio haukuhusika hata kidogo. Ukibisha, jaribu hizi: "I saw him five minutes ago" ina dakika tano tu na haina "have", "I have lived in Bwera since 1998" ina zaidi ya miaka ishirini na "have" imo. Kwa hiyo ile kanuni inayokaririwa katika madarasa mengi, kwamba "have" ni ya mambo ya juzijuzi na wakati uliopita wa kawaida ni wa mambo ya kale, haifai. Inamfanya mtoto apate mawili kati ya matano, kisha ashangae yale matatu yamekwenda wapi.

Kiingereza kinauliza swali moja tu: kipindi unachokizungumzia kimefungwa, au kiko wazi mpaka dakika hii? Ni kama daftari la mkopo dukani. Ukurasa uliopigwa mstari una tarehe yake na habari zake zimekwisha. Ukurasa ulio wazi, mwenye duka bado anaweza kuongeza kilo ya sukari. Maneno kama "yesterday", "last week", "in 2013", "ago" na "when I was in Primary Four" hupiga mstari. Maneno kama "since", "so far", "yet" na "in the last 21 days" huacha ukurasa wazi.

Kama mambo ni mepesi hivyo, kwa nini Bwera ni mahali pagumu kuyafundisha? Kwa sababu kosa moja, "I have come yesterday", linaingia darasani kwa njia tatu tofauti, na mwalimu asiyejua mwanafunzi wake kapita njia ipi atamsahihisha bila kumponya.

Njia ya kwanza ni Kiswahili chenyewe. Tunajisifu kwamba -li- na -me- vinalingana sawasawa na nyakati hizi mbili za Kiingereza, na vitabu vingi vinaishia hapo. Lakini sikiliza watu wakizungumza: "Nimekuja jana." "Nimemwona juzi pale stendi." Hakuna anayegutuka. Katika mazungumzo yetu, -me- humbeba msikilizaji mpaka kwenye matokeo, yaani nimekuja na niko hapa, na jana inaongezwa baadaye kama maelezo ya ziada. Kiingereza hakina ukarimu huo. Ukishaitaja jana, "have" inatoka: "I came yesterday", basi, hata kama bado umekaa pale pale ulipofikia.

Njia ya pili inatoka ng'ambo ya mto. Mwanafunzi aliyeanzia shule Kasindi, Beni au Butembo amesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa cha kila siku husimulia yaliyopita kwa "avoir", kitenzi kinacholingana na "have". "Je l'ai vu hier" ni sentensi safi kabisa. Akiihamisha mfupa kwa mfupa anapata "I have seen him yesterday", na haoni kosa liko wapi, maana kila kipande kimekaa mahali pake. Kifaransa kilikuwa na wakati mwingine wa mambo yaliyokwisha na bado kinao, ila siku hizi umebaki vitabuni. Hakuna anayeutumia akinunua samaki. Wajerumani wengi nao, hasa wa kusini, hufanya vivyo hivyo katika mazungumzo. Kwa hiyo mtoto wa Kasindi hana kichwa kigumu. Ana Kifaransa kizuri.

Njia ya tatu ndiyo inayosahaulika, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Lugha za eneo hili hazikuridhika na wakati uliopita mmoja. Kikonzo, kama jirani zake wengi wa Maziwa Makuu, hutenga yaliyotokea leo na yaliyotokea zamani. Chukua Kinyankole, ambacho husikika pia Kasese: aliyefanya jambo leo atasema "naakora", aliyelifanya jana "nkozire", aliyelifanya zamani "nkakora". Mtoto aliyelelewa hivyo ana saa kichwani inayogawa siku kwa jua kuchomoza. Ukimwambia kwamba Kiingereza nacho kina maumbo mawili ya yaliyopita, atafanya jambo la akili: atampa "have" kazi ya leo, na lile lingine kazi ya jana kurudi nyuma. Saa tisa alasiri anaandika "I have taken tea this morning". Mwalimu anachora mstari mwekundu, mtoto anakodoa macho. Si leo hii hii?

Kiingereza hakina habari na leo. Kina habari na "this morning", na asubuhi hufungwa adhuhuri. Saa nne asubuhi unaweza kusema "I have seen the headmaster this morning", kwa kuwa asubuhi haijaisha na huenda ukamwona tena. Saa tisa alasiri asubuhi ile ile imeshafungwa: "I saw the headmaster this morning." Mwalimu mkuu ni yule yule, na kuonana ni kule kule. Kilichosogea ni saa ya anayezungumza.

Juu ya njia hizo tatu kuna mkanganyiko wa Kiswahili chenyewe cha mpakani. Wenzetu wa Kongo husema "nilishakula" pale ambapo mtu wa Dar es Salaam angesema "nimeshakula". Ile -li- isikudanganye. Maana yake ni kwamba tumbo limejaa na usinipakulie, na kwa Kiingereza ni "I have already eaten". Mwanafunzi wa Bwera aliyefundishwa kwamba -li- ni "did" na -me- ni "have" ataikosea hiyo kila siku sokoni.

Kuna kipimo ninachokipenda, na kinatoka ndani ya Kiswahili. Usiitazame sentensi ikiwa inakubali, ikanushe kwanza. Katika kukanusha, Kiswahili kinakuwa kikali kama Kiingereza. "Hajaja" na "hakuja" havichanganyiki mdomoni mwa mtu yeyote. Hajaja: tunamngoja, weka chai motoni. Hakuja: mambo yamekwisha, kila mtu ameenda zake. La kwanza ni "He hasn't come", la pili ni "He didn't come", na ulinganifu huo ni nadra kuharibika.

Sasa rudi kwenye zile sentensi korofi. "Nimemwona jana" ikikanushwa haiwi "sijamwona jana", sikio linakataa. Inakuwa "sikumwona jana". Umepata -ku-, kwa hiyo Kiingereza ni "saw". "Nilishakula" ikikanushwa inakuwa "sijala bado". Umepata -ja-, kwa hiyo ni "have eaten", na ile -li- iliyokuwa ikitudanganya imeumbuka. Chai ya asubuhi nayo: alasiri utasema "leo asubuhi sikunywa chai", lakini saa tatu asubuhi, sufuria likiwa jikoni, utasema "sijanywa chai". Mtoto wa Kasindi anayeongozwa na Kifaransa anaweza kukitumia kipimo hiki pia, mradi akubali kupitia Kiswahili akienda Kiingereza, na watu wa mpakani hupitia Kiswahili wakienda kila mahali.

Kipimo hiki kina mahali kinaposhindwa, na ni mahali pa hatari kidogo. Vitenzi vyetu vya hali, kama kulala, kukaa, kusimama, kuvaa na kuchoka, hutumia -me- kueleza mambo yalivyo sasa hivi. "Mgonjwa amelala" wodini maana yake macho yamefumba wakati huu. Muuguzi akiandika "The patient has slept", anayepokea zamu ataelewa kwamba usingizi ulikuja ukaisha, na sasa mgonjwa yuko macho. Ilitakiwa "The patient is asleep". Vivyo hivyo "amevaa koti" ni "He is wearing a coat", na "amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door". Kukanusha hakutusaidii hapo, maana "hajalala" inabeba mambo yote mawili. Dawa ni kujiuliza tu kama hali hiyo inaendelea mbele ya macho yako. Waganda, lazima niseme, wamelitatua tatizo hili kwa namna yao. Rafiki aliyeadimika kwa miezi hukaribishwa kwa "You are lost!", ambayo ni "umepotea" yetu iliyovalishwa Kiingereza, na kwa kuchagua "are" wameikwepa "have" kwa ustadi. Mwingereza aliyeshuka jana Entebbe atajibu kwamba anaifahamu njia.

Turudi darajani. Tuseme mama mmoja anavuka na kikapu chake, na mhudumu anamuuliza, "Mama, umehudhuria msiba wowote siku hizi?" Naye anajibu, "Ndiyo, mwanangu, nilienda matanga ya shemeji yangu kule Beni." "Lini, mama?" "Juma lililopita, Jumanne." Mhudumu anayejaza fomu kwa Kiingereza ataandika sentensi mbili: "She has attended a funeral. She attended it last Tuesday." Mazishi ni mamoja, maumbo ni mawili, na yote ni sahihi. Sentensi ya kwanza inamweka mama katika kundi la watu wa kufuatiliwa; ya pili inasaidia kuhesabu siku. Utaona kwamba mama mwenyewe alirukia -li- moja kwa moja, kwa sababu kichwani mwake tayari aliyaona matanga yale, watu waliokuwepo na siku yenyewe. Kiingereza nacho humruhusu msemaji kufanya hivyo. Tukio likiwa limekaa wazi akilini na lina mahali pake, wakati uliopita wa kawaida unatosha hata kama tarehe haikutajwa.

Mhudumu yule yule anahitaji pia kutofautisha "gone" na "been". "My husband has gone to Kasindi": mume yuko Kasindi, nyumbani hayupo. "My husband has been to Kasindi": alikwenda, akarudi, sasa hivi anakunywa uji. Sisi tuna "ameenda" kwa la kwanza na "amewahi kufika" kwa la pili, na wengi huishia kutumia "has gone" kwa yote. Mahali pengine ni kosa la kupoteza alama moja. Mpakani, wakati wa mlipuko, ni tofauti ya mtu wa kutafutwa Kongo na mtu wa kupimwa joto sebuleni.

Insha za wanafunzi zina ugonjwa wake. Mtoto anaanza vizuri, "One day I went to the market", kisha anajisahau: "I have met a man, he has taken my money and he has run." Hapa Kiswahili kina mlinzi hodari ambaye hatumtumii ipasavyo: -ka- ya masimulizi. "Nikakutana na mtu, akachukua pesa zangu, akakimbia." Popote ambapo Kiswahili chako kingeweka -ka-, Kiingereza hakitaki "have". Sijapata mfano wa kuivunja kanuni hiyo. Taarifa ya habari hufanya kinyume mwanzoni tu: redioni tunasikia "Serikali imetangaza", kisha sentensi ya pili inashuka kwenye "ilitangaza jana". Kiingereza cha habari hufuata ngazi hiyo hiyo, kwa hiyo anayesikiliza redio kwa makini ana mwalimu wa bure.

Mtihani wa kumaliza darasa la saba Uganda hupenda kumtaka mtoto aandike sentensi upya bila kubadili maana. "I last saw my uncle two years ago" inatakiwa igeuke iwe "I have not seen my uncle for two years", au "It is two years since I last saw my uncle". Wengi hukariri. Ukitazama vizuri, kila sentensi imesimama mahali tofauti. Ya kwanza imesimama siku ile ya kuonana, ambayo imefungwa. Ya pili imesimama katika kungoja, na kungoja hakujaisha. Kanusho la Kiswahili linalionyesha hilo mara moja: "sijamwona mjomba miaka miwili". Hapa pia ndipo panapoanguka sentensi ya "I live here since 2015", ambayo Kiswahili na Kifaransa vyote viwili huiunga mkono, maana "naishi hapa tangu 2015" haina kasoro na Mfaransa hujenga yake hivyo hivyo. Kiingereza kinadai "I have lived here since 2015". Sina njia ya mkato ya kutoa kwa hili. "Since" inapohesabu muda uliofika mpaka leo, itafute "have".

"For" ni mjanja zaidi, na Kasese ina mifano miwili ya kuufichua ujanja wake. Reli ilifika mji wa Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe, na mgodi uliendelea kuchimba shaba mpaka mwaka 1982. Sentensi yake ni "Kilembe produced copper for more than twenty years." Hakuna "have", kwa kuwa miaka hiyo ina mwisho. Kiwanda cha saruji cha Hima kiko wilaya hiyo hiyo na kimeendelea na kazi kwa miongo: "Hima has produced cement for decades." "For" ni ile ile. Kinachoamua ni kama uzalishaji uliokuwa ukihesabiwa ulikoma.

Mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori na kupita Kilembe, una somo lake. "The Nyamwamba has burst its banks many times" ni kauli kuhusu tabia ya mto ambao bado unatiririka, na hakuna anayeahidi kwamba mara iliyopita ilikuwa ya mwisho. Ukitaja mwaka, umbo linabadilika: "It burst its banks in May 2013, and again in May 2020." Ukipandisha macho mpaka kwenye vilele vyenyewe, mwaka mmoja unaweza kuvaa sura zote mbili. "In 1906 the Duke of the Abruzzi climbed Margherita Peak." "Since 1906 the glaciers have shrunk." Kupanda kulikwisha siku ile ile. Kuyeyuka kwa barafu kunaendelea, na anayesema hivyo kwa "have" anakuambia kwamba hesabu hiyo bado inaandikwa.

Hapa msomaji aliyezoea filamu za Marekani atanishika shati. Wamarekani husema "Did you eat yet?" na "I already ate" bila haya, pale ambapo Mwingereza angetaka "Have you eaten yet?" Ni kweli, na kwao si kosa. Lakini mitihani ya Uganda imerithi Kiingereza cha Waingereza, kwa hiyo kile cha Marekani kiache kwenye simu mpaka utakapopata cheti.

Limebaki jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Ili Kiingereza kikupe "have" kwa habari za mtu, huyo mtu kwa kawaida awe hai. Malkia Elizabeth wa Pili alifika Uganda mwaka 1954, na mwaka huo mbuga iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga ikabadilishwa ikaitwa kwa jina lake. Alirudi Novemba 2007, kwa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola uliofanyika Kampala. Kwa miaka karibu kumi na mitano baada ya hapo, mwanafunzi wa Kasese aliyeandika "The Queen has visited Uganda twice" alipata alama zake zote. Malkia alifariki tarehe 8 Septemba 2022, na sentensi ile ikalazimika kuwa "The Queen visited Uganda twice". Ziara hazikupungua wala kuongezeka. Ni kwamba ya tatu haiwezekani tena, ukurasa umefungwa. Mbuga, hata hivyo, bado ipo, kwenye nyanda zilizo chini ya Kasese, na sentensi yake haikuguswa: "The park has carried her name since 1954."